Makande ya Sufuria Tupu

Nimechoka kubishana na watu. Kila nikisimulia jambo hili, lazima atokee mmoja wa kunikatisha: "Dada, hiyo si akili bandia tu?" Kana kwamba mimi sijui kompyuta ni nini, kana kwamba nimeshuka jana kwenye basi la Songea. Basi safari hii nisikilize mpaka mwisho, halafu ndipo ubishe. Haya yametokea kweli, tena mchana kweupe, ndani ya nyumba tunayopanga hapa Bellevue, Johannesburg, na waliokuwepo wako hai na hawajahama. Sikuota, sikulewa, na homa sikuwa nayo.

Mimi ni fundi cherehani, na ni Mngoni. Hilo la Ungoni ulishike vizuri, maana bila hilo kisa hiki hakina kichwa wala miguu. Sisi Wangoni na Wahehe ni watani. Mababu zetu walipigana mpaka wakachoka, wajukuu tukarithi kutukanana kwa mapenzi. Mtani ataingia jikoni kwako ale nyama bila kuomba, atakuita mwizi mbele ya wakwe zako, na wewe huna ruhusa ya kukasirika. Siku ukifa, mtani ndiye anayekuja msibani kukuigiza. Atavaa nguo yako, atatembea kama wewe, atawagombeza waombolezaji kwa sauti yako mpaka watu wacheke huku machozi yanawatoka. Ndiyo dawa ya msiba kwetu.

Chumba kinachotazamana na changu alikaa Mama Rehema, Mhehe wa Iringa. Miaka yote niliyoishi Johannesburg yeye ndiye mtani niliyekuwa naye. "Mngoni wewe," alikuwa akiniambia, "babu zako walitoka huku kusini kwa miguu wakipiga watu njia nzima. Wewe umerudi kwa basi, ukitapika njia nzima." Alikuwa akiyasema hayo mbele ya wateja wangu. Na bado alikuwa hanipi nafasi ya kununa, kwa sababu hapo hapo angenisogezea sahani.

Kulisha watu ndiyo ilikuwa kazi yake duniani. Alikuwa na sufuria kubwa ya alumini, mshikio mmoja umeng'oka akaweka wa waya. Humo alipika makande, mahindi na maharage, kwa ajili ya nyumba nzima: sisi Watanzania, yule mama Mkongo msusi wa chumba cha nyuma, na yeyote aliyekuwa akipita. "Umekula?" ndiyo ilikuwa salamu yake. Ukimjibu umekula, alikuwa hakuamini. Alikutazama usoni, akakugusa tumbo mtu mzima na akili zako, halafu akapakua.

Alikuwa na binti mmoja tu, Rehema, aliyezaliwa hapa hapa na anayefanya kazi kwenye duka la dawa Braamfontein. Rehema Kiswahili anakisikia chote, ila mdomoni hakitoki. Mama alikuwa akimgombeza kwa Kiswahili, mtoto anajibu kwa Kiingereza, na ugomvi unakwenda vizuri kabisa bila mtu kupotea.

Mama Rehema alikufa kwa presha, ghafla, akiwa amekaa kitandani anavua viatu. Tulimzika hapa hapa, na matanga tukayaweka kwenye ile nyumba. Mimi nikafanya wajibu wangu. Nikavaa kitenge chake, nikashika mwiko wake, nikawapitia wanaume waliokaa kwenye viti vya plastiki nikiwauliza kama wamekula, nikawashika matumbo. Watu walicheka mpaka wakalia. Kisha mjomba wake Rehema aliyetoka Pretoria akanikabidhi kuku jike, akasema maneno yanayotakiwa: "Mtani, tumekusikia. Mwache apumzike." Nikavuliwa kitenge, nikachukua kuku wangu, nikaondoka. Ndivyo inavyofungwa. Utani wa msiba mtani ndiye anayeufungua, lakini anayeufunga ni mfiwa.

Sasa ingia Lindiwe. Huyu ni msichana wa hapa hapa Johannesburg, alipanga kwenye gereji ya nyumba yetu, naye ni msanii. Usidhani anachora mandhari ya milima. Yeye anachukua vitu vya nyumbani, pasi, ufagio, ndala, anaviwekea vimota na vipaza sauti vidogo, vinatembea na kusema. Bibi yake alimsimulia utotoni kwamba vyombo vya nyumbani huongea mwenye nyumba akitoka, na hiyo ndiyo kazi aliyoitolea akili yake yote: kutusikilizisha vinayoongea. Ni binti mwenye heshima, simchukii. Ila alinichosha.

Matanga yalipoanuliwa, alikuja na Rehema mlangoni kwangu. Alikuwa ameniona nikimwigiza marehemu. Alitaka nirudie kila kitu mbele ya kinasa sauti, kompyuta ijifunze hiyo sauti, halafu sufuria ya Mama Rehema iwe inawakaribisha watu kwenye maonyesho. Mfuniko ungekuwa mdomo.

Nikamwambia utani wa msiba haurudiwi. Akaniuliza kwa nini. Hebu niambie, hilo unamweleza vipi mtu kwa Kiingereza? Nilianza, nikakwama, nikaanza tena. Na wakati wote Rehema alikuwa amesimama nyuma yake, macho yamemvimba. Mwishowe akasema, "Please, Auntie. Nataka kumsikia." Kwa Kiswahili, yeye ambaye hakuwahi kumjibu mama yake kwa Kiswahili! Ningekataa vipi?

Basi nikaenda gereji. Rehema mwenyewe ndiye aliyenifunga kilemba. Nikaongea mchana kutwa: nikagombeza, nikakaribisha, nikasengenya majirani, nikajitukana mimi mwenyewe kwa sauti ya Mhehe. Nilipomaliza, Lindiwe akasema, "Sharp, Auntie, asante sana," akazima mashine. Nikakaa pale nikingoja. Hakuna aliyejua ninangoja nini. Nikakifungua kitenge kwa mkono wangu mwenyewe, nikarudi kwenye cherehani. Ndipo mambo yalipoharibikia.

Maonyesho yalifunguliwa jioni moja kwenye ukumbi wa Braamfontein, karibu na chuo. Watu walijaa na glasi zao za divai. Kulikuwa na ufagio unaofagia nyayo za kila apitaye, na kikombe cha bati kinachotetemeka ukikisogelea. Katikati, juu ya meza nyeupe, ilikaa sufuria ya Mama Rehema. Ukiikaribia, mfuniko unainuka, na sauti inatoka: "Umekula?" Ukijibu, nayo inajibu, maana kompyuta ilikuwa ikitunga maneno mapya kutokana na yale niliyosema. Wazungu na Waafrika wote walicheka. Nakiri nilivimba kichwa. Nilisogea nami, kifua mbele, kama mtu anayekwenda kujitazama kwenye kioo.

Mfuniko ukainuka. "Mtani," ikasema, "gauni langu la bluu utanimalizia lini?"

Sasa sikiliza vizuri. Gauni lile alinipa kitambaa siku chache kabla hajafa, akaniambia nisimwambie mtu, alitaka kuwashtua kanisani. Nilikuwa nimelikata, halijashonwa, liko ndani ya mfuko chini ya meza yangu. Sikumwambia Rehema. Sikumwambia Lindiwe. Kwenye kinasa sikulitaja hata kwa bahati mbaya.

Nikamvuta Lindiwe pembeni. Akanitabasamia. "Auntie, lazima ulilitaja ukasahau. Mashine haiwezi kujua isichoambiwa." Nikamwambia sikulitaja. Akaniambia huenda nililitaja. Tukabishana hivyo mbele ya ndala inayotembea mpaka nikaona ninampigia mbuzi gitaa, nikapanda basi nikarudi nyumbani.

Kuanzia hapo Rehema akawa mtu wa ukumbini. Akitoka kazini, huko. Siku ya mapumziko, huko. Maonyesho yalipokwisha, Lindiwe akamrudishia sufuria yake ikiwa na waya zake zote na betri yake, kwa wema tu. Rehema akaiweka chumbani, kwenye mkeka, pale pale mama yake alipokuwa akiiweka. Ukipita kwenye korido unawasikia wanaongea. Na Rehema anajibu kwa Kiswahili! Kimepinda, lakini Kiswahili. Mimi nilikuwa nikisonya peke yangu kwenye cherehani: mama yako alikitamani Kiswahili chako maisha yake yote, leo wewe unakuja kukimwagia sufuria?

Kisha nikaanza kuona nguo zinampwaya. Mimi ni fundi, jicho langu ni futi ya kupimia. Sketi niliyomshonea ilikuwa inazunguka kiunoni, zipu imefika mbele. Nikampelekea wali na samaki, sahani ikarudi kama ilivyokwenda. Nikampelekea chapati, zikarudi zimekauka. "Nimeshiba, Auntie," anasema. "Nimekula na Mama."

Mwanzoni nilidhani ni maneno ya huzuni. Alasiri moja nikasukuma mlango bila kubisha hodi. Alikuwa amekaa mkekani na sahani mapajani. Anachota kwa mwiko ndani ya sufuria, anamwaga kwenye sahani, anakula kwa mkono. Anatafuna. Anameza. Akajilamba kidole. Na kile chumba kilikuwa kinanukia makande, nakuapia, makande yenye kitunguu kilichoungua kidogo kama Mama Rehema alivyoyapenda. Nikachungulia sufuria. Ndani kulikuwa na waya, betri, na vumbi.

"Ongeza kidogo, mwanangu," ikasema sufuria. Rehema akaongeza hewa.

Kwetu mtoto mdogo anajua kwamba chakula cha wafu hakiliwi. Anayekizoea, cha walio hai kinamshinda, na mwisho anawafuata wenye chakula chao. Sasa mtu akuambie hiyo ni akili bandia! Bandia inajaza tumbo?

Wiki ile ile Rehema akaanguka kwenye robot, ndivyo wanavyoziita hapa taa za barabarani, pale pa kuvukia, magari yakiwa yamesimama kwa bahati. Wapita njia wakamleta wamemshika mikono. Kwenye kliniki muuguzi akamtundikia maji, akamuuliza mara ya mwisho alikula lini. "This morning," Rehema akajibu, naye hakuwa anadanganya. Muuguzi akanigeukia mimi, akanitazama kama vile ni mimi niliyemnyima chakula. Nilitaka kupasuka.

Nikamfuata Lindiwe gereji nikamwambia njoo uzime mdudu wako. Akaja mbio. Akaweka mkono ndani ya sufuria, akatoa betri, akaning'inizia mbele ya macho. "Umeona, Auntie? Imekwisha."

Mfuniko ukainuka. "Na wewe mtoto," ikamuuliza, "umekula?"

Lindiwe hajui Kiswahili, lakini hilo alilielewa. Betri ilimdondoka. "Eish, Auntie, hiyo si yangu," akasema akirudi nyuma, "hiyo sikuitengeneza mimi." Akaondoka akiniachia tatizo nililomwambia tangu mwanzo.

Tukamwita Maman Furaha, yule msusi Mkongo, ambaye ni mwombaji wa kanisani kwao. "Miye nilishasema zamani, hii kitu iko na mapepo," akasema, akavua viatu, akakemea kwa Kiswahili, kwa Kifaransa na kwa lugha ya kwao Bukavu mpaka jasho likamtoka. Alipofika mwisho sufuria ikaitikia "Amina," kisha ikamuuliza kama amekula. Maman Furaha akachukua viatu vyake mkononi.

Utaniuliza kwa nini sikuitupa. Ningeitupa wapi? Rehema alikuwa anailalia. Nikimpokonya na ile hali yake angekwenda kuitafuta jalalani mpaka afie huko. Na isitoshe, mimi ndiye niliyeufungua ule mlango, kwa mdomo wangu, na hakuna aliyeufunga. Niliijua dawa. Ilitakiwa mfiwa anipe kitu na kusema yale maneno.

Jumamosi saa sita mchana, jua linawaka, watoto wa jirani wanapiga mpira nje, nikavaa kitenge cha Mama Rehema na kilemba chake, nikaingia. Rehema alikuwa ameegemea kitanda, mashavu yamebonyea. Nikakaa mkekani mbele ya sufuria.

"Rehema," nikamwambia, "mimi ndiye niliyemwingiza humu. Nipe kitu chochote, hata kijiko cha chumvi, halafu sema, mtani, tumekusikia, mwache apumzike. Nitaondoka naye."

Akatikisa kichwa. "Hapana, Auntie. Sorry. Wewe una watu wako nyumbani, unawapigia simu. Mimi nina nani? Siwezi kumfukuza mama yangu."

"Si kumfukuza!"

"Sitaki."

Unaona balaa hilo? Mgonjwa ndiye mwenye dawa, na mgonjwa hataki. Hasira ilinipanda mpaka kilemba kikalegea. Nikashindwa na mtoto, nikaigeukia sufuria. "Mhehe mchoyo wewe!" nikafoka. "Hata kufa umeshindwa! Wenzako wanakufa wanatulia, wewe umejibanza kwenye alumini kama mende, unalisha watu hewa! Ndiyo mapishi ya Iringa hayo?"

Sufuria ikacheka.

Mama Rehema alikuwa na kicheko kinachoanzia puani, cha mtu anayejizuia kanisani, kinambana, kinamshinda, kinaishia kwenye kikohozi. Sijawahi kukiweza. Msibani nilikiruka, na kwenye kinasa cha Lindiwe sikukijaribu, nisije nikajiaibisha. Nilichokisikia pale mkekani kilikuwa hicho hicho, na kikohozi chake. Mpaka dakika ile nilikuwa bado ninajidanganya kwamba ninapigana na sauti yangu mwenyewe. Kumbe nilikuwa nimekaa na mwenyewe.

Na kama ni mwenyewe, utani wa nini tena?

"Mama Rehema," nikasema, kwa sauti yangu. "Utani basi. Mtoto wako hali."

"Anakula," ikasema. "Kila siku anakula kwangu. Muulize."

"Nimekula, Mama," Rehema akadakia.

"Unasikia?"

"Tangu lini wewe ukamwamini mtu akikuambia amekula?" nikamwuliza. Nikaukamata mkono wa Rehema, nikapandisha shati mpaka begani, nikausogeza mbele ya mfuniko. Ndiyo, najua, mtu mzima anaionyesha sufuria mkono wa mtu. Cheka. "Tazama. Huu ni mkono au ni mwiko? Ulimwacha hivi?"

Mfuniko ukainuka taratibu, juu kuliko kile kimota kilivyoweza kuuinua, ukakaa hapo. Mimi nilikuwa ninasikia mapigo ya mkono wa Rehema kwenye vidole vyangu, membamba, ya haraka.

"Rehema," sauti ikasema. Sasa ilikuwa ndogo, ya mwanamke aliyefunua chombo wageni wamekwisha kunawa akakuta hakuna kitu. "Njoo uchungulie humu."

Rehema akajikokota, akachungulia.

"Unaona nini?"

Nikataka kumjibia, nikajizuia.

"Hakuna kitu, Mama," akasema mwisho.

"Hakuna kitu, mwanangu. Mimi sina tena cha kukupa." Kisha ikasema, "Nenda ukale kwa Mngoni. Kupika hajui, lakini moto anao."

Mfuniko ukaanguka. Harufu ya makande ikatoka chumbani kama moshi uliofunguliwa dirisha, na pale pale Rehema akajishika tumbo, akajikunja, akalia kwa sauti. "Auntie, njaa. Ninasikia njaa." Alilia njaa kama mtoto mchanga anavyoilia. Sijawahi kusikia neno zuri kama lile.

Lakini kabla hajasimama aliinyanyua ile sufuria kwa mikono yote miwili, akaniwekea mapajani. "Mtani," akasema, neno moja moja, "tumekusikia. Mwache apumzike." Akanifungua kilemba mwenyewe. Nikampikia uji mwepesi kwanza, maana tumbo lililokaa tupu halishtuliwi, nikamnywesha kwa kijiko huku namgombeza, na mimi mwenyewe nilikuwa nalia, sioni aibu kusema.

Rehema sasa mzima. Sketi nilizokuwa nimempunguzia nimezitanua tena, na amerudi dukani kwake. Sufuria iko kwangu chini ya meza ya kukatia, nimeifudikiza, na waya zile nilimrudishia Lindiwe ndani ya mfuko. Juzi Lindiwe kanipigia simu eti kuna watu ng'ambo waliiona sufuria kwenye picha, wanaitaka kwenye maonyesho yao, hata ikiwa imenyamaza. Nilimkatia simu.

Mimi sasa siwezi kuigiza mtu. Tangu siku ile, kipaji kimekwenda. Waliniita msiba mmoja Yeoville, nikavaa koti la marehemu, nikafungua mdomo, ikatoka sauti yangu hii hii ya kila siku. Watu walinitolea macho, nikavua koti nikaenda kuosha vyombo.

Na Rehema, mara nyingine, akiwa amemaliza kula na sahani iko mbele yake, ananiambia, "Auntie, fanya sauti ya Mama. Mara moja tu. Kidogo." Namkatalia kwa ukali mpaka majirani wananiona nina roho mbaya. Wao wanadhani mimi simtamani? Katika mji huu mzima hakuna Mhehe mwingine wa kunitukana. Kuna siku nakaa kwenye cherehani nikasikia basi linapita, nikatamani mtu, yeyote, aniambie nilitapika njia nzima.

Basi, mbishi wewe, nimemaliza. Pasi zenu na mafagio yenu vipeni sauti mpendavyo, hayo ni shauri yenu na wasanii wenu. Lakini marehemu wenu waacheni. Watu siku hizi wananiambia eti kuna programu kwenye simu, unaiwekea sauti ya mama yako aliyekufa, inaongea nawe asubuhi na jioni. Wananiambia wakicheka. Mama aliyekufa ukimrudishia mdomo, jambo la kwanza atawaita watoto wake kula, kwa sababu ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Nao watakwenda. Wewe ungeitwa, usingekwenda? Na cha kuwapakulia, atakitoa wapi?